Vumbi la Juu

Mzee Abdulazizi alipotolewa mtoto wa jicho na kurudishwa nyumbani, jambo la kwanza alilosema ni kwamba nyumba ilikuwa chafu.

"Hanifa, hivi hili vumbi lote lilikuwepo siku zote?"

"Lilikuwepo, Baba. Ulikuwa hulioni tu."

Ilikuwa Agosti, na upepo wa Singida ulikuwa umeshika kazi yake. Vumbi liliingia madirishani, likapita chini ya mlango, likakaa juu ya kabati na ndani ya vikombe vilivyofunikwa. Hanifa alikuwa na kibanda cha mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu, na kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kupangusa chupa moja moja, maana abiria wa mabasi hawanunui chupa yenye vumbi. Ikifika saa nne anapangusa tena. Alishazoea.

Waliishi wawili tu, yeye na baba yake. Ndoa yake ilishavunjika zamani, na mwanawe wa pekee alikuwa chuoni Dodoma. Mama yake, Maryam, alifariki Hanifa akiwa mdogo kiasi kwamba hakumbuki sura yake wala sauti yake. Hakukuwa na picha. Alichokuwa nacho ni jina tu, na namna baba yake alivyokuwa akinyamaza kila lilipotajwa.

Mzee alifurahia macho yake mapya kama mtoto. Alisoma maandishi ya kwenye magunia. Alihesabu kuku wa jirani. Alimtazama Hanifa usoni, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe na wewe umekuwa mtu mzima." Lakini baada ya siku chache furaha ile ikapungua. Hanifa akaanza kusikia mlango wa uani ukifunguliwa kabla ya adhana ya alfajiri. Akitoka anamkuta baba yake amesimama kwa kanzu, kichwa kimeinuka, anatazama mashariki.

"Baba, unatafuta nini na baridi hii?"

"Natafuta ya uongo."

Hanifa alijua anachosema. Mzee alikuwa mwadhini kwa miaka mingi, katika msikiti mdogo wa mtaa wao, mpaka macho yalipomwishia na vijana wakachukua nafasi. Tangu Hanifa akiwa msichana alimfundisha kwamba alfajiri ni mbili. Ya kwanza ni ya uongo: mwanga mweupe unaosimama wima kutoka chini kwenda juu, umechongoka, kama mkia wa mbwa mwitu. Huo hauharamishi daku wala hauhalalishi swala. Kisha unafifia, kiza kinarudi kidogo, ndipo inakuja ya kweli, ile inayotanda pembeni kulia na kushoto. Hanifa alilishika somo lile vizuri, ila mwanga wenyewe hakuwahi kuuona. Hapa mjini watu walifuata saa, na siku hizi simu.

"Miaka yote nilidhani ni macho," mzee alisema. "Nikasema, basi, macho yameondoka na kila kitu. Sasa macho yamerudi. Naona mpaka waya wa umeme kule. Lakini ile haipo."

"Labda mawingu."

"Mawingu Agosti hii?"

Akarudi ndani. Wakati wa chai hakugusa uji.

*

Mwalimu Cecilia aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Alifundisha fizikia sekondari, na jioni alipenda kupita kibandani kwa Hanifa kununua mafuta na kukaa kidogo kwenye benchi. Jioni ile alimkuta mzee naye amekaa pale, ameshika mkongojo katikati ya magoti.

"Shikamoo, mzee. Macho yanasemaje?"

"Marahaba, mwalimu. Macho yanaona. Mbingu ndiyo inayonificha."

Hanifa akaeleza. Cecilia alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatabasamu, si kwa dharau, bali kama mtu aliyetajiwa jina la rafiki yake wa zamani.

"Mzee, hiyo ipo. Mimi nimeiona mara moja tu, nikiwa chuo, tulipelekwa porini. Haijaondoka. Ni vumbi."

"Vumbi?"

"Vumbi linaloelea huko juu kabisa, kati ya dunia na sayari nyingine. Nyotamkia zikipita karibu na jua zinamwaga vumbi. Mawe ya angani yakigongana yanasagika. Chembe ndogo kuliko unga. Zimetawanyika kwenye njia ileile ambayo sayari zinapita. Sasa jua likiwa bado liko chini, linazimulika, na wewe unaona ule mwanga uliosimama."

Lori likapita, likaacha wingu la vumbi jekundu, na Hanifa akachukua kitambaa.

"Huko juu kuna upepo?" mzee aliuliza.

"Hakuna, mzee. Hakuna hewa kabisa."

"Vumbi lisilo na upepo," alisema, kama anayeonja neno. "Na kwa nini silioni?"

"Kwa sababu ya hili la kwetu." Cecilia alinyoosha mkono barabarani. "Vumbi la chini limejaa hewani, taa za mji zinalimulika usiku kucha, anga inakuwa kijivu. La chini linaficha la juu. Ukitaka kuliona nenda mbali na taa, na usubiri mvua zioshe hewa."

Usiku ule Hanifa alimwuliza baba yake, wakiwa wanakula, kwa nini jambo hili limemshika hivyo. Alidhani atajibiwa habari za dini. Mzee alimega ugali, akauweka tena sahanini.

"Mama yako ndiye aliyekuwa akiniangalizia."

Hanifa hakusogea. Aliogopa akisogea baba yake ataacha.

"Tulikuwa kule kijijini kwao, mbele ya Ilongero. Hatukuwa na saa. Nami nilikuwa na usingizi mzito, ungeweza kunibeba ukaniweka barabarani. Nikaogopa nitawakosesha watu swala. Maryam akasema, lala, mimi nitaangalia. Basi anatoka nje, anatazama kati ya yale mawe makubwa mawili, akiiona ya uongo imesimama anarudi, ananishika mguu. Anasema, 'Ya uongo imesimama. Lala kidogo.' Kisha anatoka tena kungoja ya kweli. Kile kipande cha katikati, Hanifa. Kujua kwamba bado kuna muda, na kuna mtu yuko macho kwa ajili yako. Sijalala vile tena tangu afe."

*

Hanifa hakuweza kungoja mvua. Wiki ile ile alimwamsha mzee mapema, akamfunga shali, wakapanda bajaji mpaka ufukweni mwa ziwa Singidani, upande ambao nyumba ni chache. Walisimama pale, upepo ukiwapiga kutoka mashariki, umebeba vumbi na magadi ya ufukweni. Nyota zilikuwa chache na zimefifia. Upande wa mashariki hapakuwa na kitu chochote kilichosimama. Palikuwa na ukungu wa kahawia tu, ambao polepole uligeuka kuwa asubuhi.

"Twende," mzee alisema. Alikuwa anatetemeka.

Alirudi na kikohozi, na kikohozi kikashuka kifuani. Mwezi wa Septemba wote alilala. Daktari alisema ni mapafu, vumbi si zuri kwake, asitoke nje asubuhi. Hanifa alifunga kibanda mapema kila siku akakaa naye. Alijilaumu, kisha akachoka kujilaumu, akaanza kuogopa tu. Kila akimsikia anakohoa alikuwa akiomba moyoni: mvua, mvua, mvua.

Mvua zilikuja mwishoni mwa Novemba. Matone ya kwanza yalianguka kwenye bati yakiwa na matope, maana yalishuka na vumbi la miezi yote. Cecilia alikuwa amejibanza barazani kwao. "Na la juu limo humo," alimwambia Hanifa. "Kila siku linashuka kidogo duniani, linachanganyika na hili. Huwezi kulitofautisha." Hanifa alitazama maji ya kahawia yanavyotiririka kutoka kwenye bati hadi kwenye ndoo. Siku ile hakuyamwaga mara moja kama kawaida yake.

Mzee alipona taratibu. Machi akaanza kutembea mpaka kibandani. Hakuitaja tena ile alfajiri, na kule kutoitaja kulimsumbua Hanifa kuliko kama angeitaja kila siku.

*

Mvua zilipokatika, Mei, Hanifa alipiga simu kwa Mosi.

Mosi alikuwa mdogo wake Maryam. Bado aliishi palepale kwao, mbele ya Ilongero, na mumewe, Mohamedi, ndiye aliyeswalisha katika msikiti mdogo wa matofali wa kitongoji chao. Hanifa alimfahamu kwa misiba na harusi tu. Baada ya mazishi ya Maryam, Mosi aliomba aachiwe mtoto amlee. Abdulazizi alikataa, akambeba Hanifa kwenda mjini, na hakurudi tena. Tangu hapo wawili wale walisalimiana kwa adabu, lakini maneno hayakuzidi salamu.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini? Baba yako amekufa?"

"Hapana. Anataka kuja huko kuangalia kitu."

Hanifa alisikia mbuzi upande wa pili.

"Mwambie njia ni ileile," Mosi alisema.

Walienda mwezi ulipoandama, ili alfajiri iwe na kiza. Gari la kukodi liliwafikisha jioni. Alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa mashambani, uwele umeanza kuvunwa, na yale mawe makubwa ya mama yake yalikuwa pale, mawili, kila moja kubwa kuliko nyumba. Hewa ilikuwa safi mpaka ikashangaza. Hanifa aliweza kuona moshi wa jiko la mtu mlima wa pili. Mosi alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mwembamba, mrefu, nywele nyeupe chini ya mtandio.

"Karibu, shemeji," alimwambia mzee. "Umezeeka."

"Na wewe, shemeji."

Yakaishia hapo. Walikula, wakaswali, wakalala mapema. Mzee alipewa chumba karibu na mlango, Hanifa akalala na Mosi. Gizani Mosi alimwuliza, "Anakuja kuangalia nini hasa?" Hanifa akamweleza. Baada ya kitambo Hanifa alidhani amelala, kumbe hajalala. Alikuwa akigeuka na kugeuka.

Mosi ndiye aliyewaamsha. Walitoka wote watatu, mzee ameshikwa mkono na binti yake. Hapakuwa na upepo. Nyota zilikuwa nyingi kiasi kwamba Hanifa alishusha macho kwanza, kama mtu aliyeingia kwenye chumba cha watu asiowajua. Mosi akawaongoza mpaka mahali fulani uani, akasimama, akasema, "Hapa."

Kati ya mawe mawili, mwanga ulikuwa umesimama.

Ulikuwa laini mno. Ukiukazia macho ulikuwa kama unakimbia, ukitazama pembeni kidogo unarudi. Chini ulikuwa mpana, juu umechongoka, umelala upande kidogo. Haukuwa na rangi ya asubuhi. Hanifa alikumbuka maneno ya Cecilia, chembe ndogo kuliko unga, hakuna hewa, hakuna upepo.

"Baba, unaona?"

"Naona." Mzee aliendelea kutazama. "Nilidhani ni kubwa zaidi."

"Haikuwa kubwa," Mosi alisema. "Wewe uliiona mara ngapi? Ulikuwa umelala."

Hanifa alitaka kumzuia, lakini Mosi hakuwa na hasira. Alisema kama anayesahihisha jina la mtu.

"Niliiona," mzee alisema. "Nilipokuwa naenda msikitini—"

"Ulipokuwa unaenda msikitini ilikuwa imeshafifia. Shemeji, mimi nilikuwa naishi na nyinyi. Nililala na dada chumba cha jikoni, mtoto alipokuwa mdogo. Nilikuwa natoka na dada kila asubuhi. Tunasimama hapa hapa. Akiiona anaingia kukuambia, kisha anarudi mbio. Mbio, kwa sababu alikuwa anapenda. Alikuwa anasema huu ndio wakati pekee ambao hakuna mtu anayemwita. Hakuna maji, hakuna kuni, hakuna jiko. Tulikuwa hata hatuongei sana."

Mzee aliushika mkongojo kwa mikono yote miwili.

"Sikujua," alisema.

"Ungejuaje? Ulikuwa unalala, naye ndivyo alivyotaka. Alisema usingizi wako ndio unampa ruhusa ya kutoka."

Kisha Mosi akamgeukia Hanifa. Gizani sura yake haikuonekana vizuri, lakini sauti ilibadilika.

"Na wewe ulikuwepo."

"Mimi?"

"Mgongoni kwake. Alikuwa anakufunga na kanga, anatoka na wewe. Ulikuwa hulii. Ulikuwa unatoa kichwa pembeni ya bega lake, hivi, unatazama huko huko anakotazama. Dada alikuwa anacheka, anasema huyu naye anangoja adhana."

Hanifa aliutazama ule mwanga. Alijitahidi kukumbuka. Alitafuta harufu ya kanga, joto la mgongo, bega mbele ya macho yake. Alitafuta kwa nguvu mpaka meno yakamuuma. Hakupata kitu. Kulikuwa na ule mwanga tu, na ulikuwa unaanza kupungua. Alilia bila kutoa sauti. Mosi akamshika kiwiko, akakishikilia.

Mwanga ulififia wote. Kiza kikarudi. Mzee alisema amechoka miguu, akaenda akaketi kwenye kiti cha uani, akaegemeza kichwa ukutani, na walipomwangalia tena alikuwa amesinzia, mdomo wazi. Wanawake wawili wakabaki wamesimama hadi ya kweli ilipotanda, kisha Mosi akaenda kumshika mguu shemeji yake, akamwambia kwa Kinyaturu kwamba kumekucha.

*

Walikuwa wakae siku mbili. Siku ya pili jioni mzee alisema kikohozi kimetulia huku, angependa kubaki mpaka alizeti zivunwe. Mohamedi alifurahi. Msikiti wao haukuwa na kipaza sauti, na yeye mwenyewe sauti yake ilikuwa ya kukwaruza; akasema mwadhini amepatikana. Mosi alisema tu kwamba chumba kipo.

"Na wewe, mwanangu?" mzee alimwuliza Hanifa. "Utabaki peke yako."

"Nina kibanda, Baba."

Alitaka kusema, twende wote nyumbani. Alitaka sana. Lakini alimwona jinsi alivyokaa, miguu ameinyoosha kwenye jua, akibishana na Mohamedi kuhusu nani alikuwa mkubwa kwa nani zamani, akanyamaza. Yeye ndiye aliyemleta. Asubuhi alipanda bodaboda mpaka Ilongero, na kutoka pale mpaka mjini.

Alizeti zilivunwa, mzee hakurudi. Upepo ulianza tena. Hanifa alipangusa chupa, akafunga kibanda jioni, akafungua nyumba ambayo hakuna mtu aliyemwuliza habari za siku. Cecilia alipita mara kwa mara. Simuni baba yake alisikika mzima kuliko alivyokuwa kwa miaka mingi, na Hanifa alifurahi, na furaha ile ilimuuma.

Akawa anaenda huko kila alipoweza. Anampelekea baba yake dawa za kifua, sukari, majani ya chai. Mzee anamsimulia habari za kitongoji, kisha anajiendea msikitini na Hanifa anabaki na Mosi, wanapeta uwele au wanachambua maharage. Hapo ndipo alipoanza kuuliza habari za mama yake. Hakuuliza mengi. Alijizuia makusudi: kila akienda, jambo moja tu. Alikuwa na hofu kwamba Mosi ana mambo machache, na yakiisha yatakuwa yameisha. Safari moja aliuliza mama yake alikuwa anapenda kula nini. Safari nyingine aliuliza kama alikuwa mkali.

Mwezi wa Julai aliuliza sauti yake ilikuwaje.

Mosi aliacha kupeta. Aliuweka ungo magotini, akafikiri muda mrefu, midomo ikichezacheza kama anayejaribu wimbo.

"Hebu waite hao kuku," alisema.

"Kuku?"

"Waite wale."

Hanifa aliona haya. Akachota uwele kiganjani, akawaita, kwa sauti ndefu ya juu kama wanavyoita wanawake wa huko. Kuku walikuja wakikimbia kutoka nyuma ya nyumba.

Mosi alikuwa amefumba macho.

"Unakaribia," alisema. "Ya kwake ilikuwa nzito kidogo."

Kuku walikuwa wameshafika, wanadonoa miguuni. Hanifa alishusha pumzi, akaishusha na sauti, akawaita tena.